Viatu Visivyokanyaga Nyasi

Msiba wa Mzee Mutuku ulikuwa na kila kitu isipokuwa maiti.

Chai ilikuwepo, ya tangawizi, ndani ya sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea ndama. Chapati zilikuwepo, zimepangwa moja juu ya nyingine hadi zikafika kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Waimbaji walikuwepo, na mwombaji mwenye sauti nene ambaye akisema "Baba" hata friji ilinyamaza kusikiliza. Mlangoni mwa fleti ile ya Lewisville, Texas, viatu vya waombolezaji vilirundikana vikateremka hadi kwenye ngazi, na jirani wa chini alikwisha kupanda mara mbili kuuliza kama kuna duka la mitumba limefunguliwa.

Ambilikile alivua vya kwake, akavisukuma pembeni asije akaondoka na vya mtu, akaingia na soksi. Kwapani alikuwa na mfuko wa karatasi ambao hakumpa mtu kuushika.

Zamani alikuwa sajini wa polisi Mbeya. Sasa alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, mwenye leseni ya Texas na fleti yake Garland, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwapiga picha watu waliodai bima kwa kuvunjika mgongo huku wakipandisha makochi ghorofa ya tatu. Hii ya Mzee Mutuku ilikuwa kazi ya namna nyingine. Ndinda, binti pekee wa mzee, nesi wa zamu za usiku kule Houston, alimpigia simu jana yake na kusema maneno machache.

"Afande, niambie kitu kimoja tu. Baba yuko hai ama amekufa? Jumamosi wanataka kumfanyia memorial. Siwezi kukaa kiti cha mbele nikimlilia mtu na sijui kama ameenda."

Leo ilikuwa Jumatano.

Yaliyojulikana yalikuwa haya. Asubuhi ya Jumapili mtu aliyekuwa akikimbia mazoezi kando ya ziwa la Lewisville alikuta jozi ya viatu vyeusi ukingoni mwa maji, na juu yake miwani, kasha lake likiwa na jina la Mzee Mutuku. Polisi walileta boti na wapiga mbizi. Walitoa baiskeli mbili, kiti cha plastiki, na kambare ambaye waliokuwepo wanaapa alikuwa na ndevu kuliko askofu. Mzee hawakumtoa. Basi polisi walisema wanaendelea kutafuta; waliosema amekufa ni watu. Na watu walikuwa na sababu. Daktari alikwisha kumkataza mzee kuishi peke yake, mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, na Ndinda akamkatia tiketi ya kurudi Machakos, kwa mdogo wake mzee. Ndege ilikuwa ya Jumatatu. Jumapili, viatu ziwani. Nani angehitaji kuhesabu zaidi?

"Karibu, karibu kiti!" Mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyejifunga kitenge juu ya sare ya unesi, alimshika mkono. "Mimi ni Truphosa, ndio chairlady wa msiba. Wewe ni wa upande gani? Wa kanisa ama wa nyumbani?"

"Poleni sana, mama. Naitwa Ambilikile. Nimetumwa na Ndinda."

"Aa, mpelelezi! Mtanzania! Ona vile unaongea kama redio." Akamsukumia kikombe cha karatasi. "Kunywa kwanza. Hakuna upelelezi kwa tumbo tupu."

Ambilikile akanywa. "Mara ya mwisho kumwona mzee ilikuwa lini?"

"Kanisani. Wiki mbili, tatu hivi."

"Na hapa nyumbani kwake?"

Truphosa aliangalia chapati. "Hapa, kwa nyumba?"

"Hapa."

"Unajua kazi ya huku Amerika vile iko, ndugu yangu. Mtu akitoka shift analala, akiamka ni shift." Akawageukia wenzake. "Nani amewahi kuja hapa kwa Mzee?"

Mwimbaji mmoja akakohoa. Mwingine akasema yeye alimshusha mzee pale chini getini, zamani kidogo, lakini alikuwa ameegesha vibaya. Ikabainika kwamba Jumapili jioni walipofika mara ya kwanza, iliwabidi wamuulize mwangalizi wa jengo swichi ya taa ya bafuni iko wapi.

Ambilikile akaenda jikoni. Alifungua kabati. Sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Kila kitu kingine mle ndani kilikuja na Truphosa kwenye buti la gari.

Kisha akaingia chumbani. Ukutani palikuwa na picha moja tu: Mzungu wa zamani mwenye masharubu kama ufagio wa chelewa, ameketi mbele ya kinanda kikubwa cha kanisa. Mama mmoja alikuwa amempachikia ua, akidhani ni marehemu mwingine wa ukoo.

"Huyo ni nani?" Ambilikile aliuliza.

"Ni yule mtu wake," Truphosa alisema nyuma yake kwa kunong'ona. "Pennifold. Mwingereza. Alikuwa anapiga organ kwa kamji fulani huko kwao, anatunga vitu ndefu, vitu nzito, hadi akakufa na hakuna mtu alimjua. Mzee alifundishwa Nairobi akiwa kijana na mwalimu mmoja aliyefundishwa na huyo Pennifold mwenyewe. Ukimsalimia Mzee hivi, 'Habari ya asubuhi,' anakuambia habari ya Pennifold."

Chini ya picha palikuwa na kinanda kidogo cha umeme, kile cha kuwekwa juu ya meza, na kiti. Ambilikile akapiga goti, akaangalia sakafu. Juu ya zulia, pale miguu ya mpigaji inapofika, palibandikwa vipande vya utepe wa karatasi, virefu, vimepangwa sambamba kama mbavu. Akaelewa baada ya muda. Kinanda cha kanisa hupigwa pia kwa miguu, na hiki cha umeme hakikuwa na pedali. Mzee alizichora. Alikuwa akiketi hapa anakanyaga utepe, na utepe haukumjibu kitu. Upande wa kushoto kabisa, kwenye pedali ya sauti ya chini kuliko zote, zulia lilikuwa limelika hadi nyuzi. Na utepe wa pale ulikuwa mpya, mweupe, umebandikwa juu ya ule uliochakaa.

"Mama Truphosa. Mtu anayefanya mazoezi hadi wiki aliyotoweka, wewe ungesema anajiandaa kufa?"

"Mimi ni wa wadi ya wazazi. Hayo sijui." Akamsogelea sikioni. "Lakini muulize Lenny. Yule wa bendi. Walikosana na Mzee vibaya sana, na tangu tuanze maombi anakaa nje kwa ngazi. Hajaingia hata mara moja."

Lenny alikuwa ameketi katikati ya viatu vya watu, kijana wa makamo mwenye fulana ya bendi ya kanisa na macho mekundu.

"Wewe ndiye Lenny?"

"Ndio mimi, mzae. Kama umekuja kuniuliza nilimfanyia nini, ingia kwa line. Kila mtu ananiangalia kama nilimsukuma."

"Mlikosana?"

"Hatukukosana. Yeye alikosana na drums."

"Nieleze."

Lenny akajifuta uso. "Sunday, kabla service ianze, alikuwa anapiga huyo Pennifold wake. Inaanza polepole, kama mtu anatafuta switch kwa giza. Inapanda. Inapanda hadi vioo vya dirisha vinatetemeka, unasema sasa imefika. Haijafika! Inapanda tena. Halafu inashuka pole pole, inaisha na note moja huko chini kabisa, husikii na masikio, unasikia na tumbo. Watoto walikuwa wanalia. Nikamwambia, Guka, babu yetu, iko poa, lakini watu wanataka kucheza kidogo. Akaninunia mwaka mzima."

"Halafu nasikia kinanda kiliuzwa."

"Si mimi niliuza! Wazungu wenye jengo ndio waliuza. Sisi ni wapangaji tu, tunaingia saa nane wao wakitoka. Lakini Mzee akaamua ni mimi. Siku lori zilikuja kukichukua alisimama parking lot, hakuongea. Mimi nikamletea soda. Hakuishika."

"Jumamosi iliyopita ulikuwa wapi?"

"Harusi, Fort Worth. Nilipiga keyboard hadi vidole vikafa ganzi. Kuna video, kuna watu, kuna bibi harusi. Uliza."

Ambilikile aliyaamini hayo nusu, akaiweka nusu nyingine mfukoni kwa ajili ya baadaye. Akafungua mfuko wa karatasi, akatoa viatu vyeusi ambavyo polisi, kwa ruhusa ya Ndinda, walikuwa wamemkabidhi baada ya kuvipiga picha. Akainama kuviweka kwenye saruji ya ngazi.

"Wee! Usiziweke chini!"

Lenny alikuwa amesimama. Mkono wake ulikuwa umenyooka, umekinga viatu hewani kama mtu anayedaka yai.

"Kwa nini?"

"Hizo ni za organ." Akashangaa mwenyewe alivyopiga kelele. "Soli ni ngozi laini, ile ya ndani. Ikishika mchanga inakwaruza pedali, na mguu hausikii tena. Mzee alikuwa anazibeba kwa mfuko, anazivalia pale pale kwa benchi, anazivulia pale pale. Siku moja nilivaa zake nikaenda nazo kwa gari kutoa speaker. Alinichapa na kitabu cha nyimbo. Mimi! Mtu na bibi na watoto!"

Ambilikile alivigeuza viatu. Soli zilikuwa safi kama ulimi wa ndama. Hakuna tope, hakuna unyasi hata mmoja, na kutoka barabarani hadi pale ukingoni mwa ziwa kulikuwa na nyasi za kufika kifundoni. Ambilikile alikuwa amekwenda mwenyewe asubuhi ile akarudi suruali imejaa vishona nguo. Akatoa simu, akamwonyesha Lenny picha ya polisi.

"Tazama. Unaona nini chini ya viatu?"

"Kitambaa. Hanchifu nyeupe."

"Imetandikwaje?"

"Imenyooshwa. Pembe zote nne."

"Sasa nisaidie, bwana Lenny. Mzee huyu hakutembea na hivi viatu hadi ziwani."

"Hawezi."

"Basi alivibeba. Na miguuni alikuwa na vingine. Mtu anakwenda kujitupa majini, anabeba viatu mfukoni, anafika, anatandika kitambaa, anaviweka juu visichafuke. Visichafuke kwa ajili ya nani?"

Ndani walianza wimbo mwingine.

"Mtu mwingine angevitupa tu majanini, ionekane amevua akaingia," Ambilikile aliendelea. "Huyu alishindwa. Mkono wake ulikataa. Viatu hivi viliwekwa na mpiga kinanda."

"Lakini miwani..."

"Ya kusomea. Anayekijua kitu kwa moyo hahitaji kukisoma."

Lenny alikuwa ameshika kiatu cha kushoto sasa, anakipapasa mbele, kwenye kidole gumba. "Afande. Hizi si zenyewe."

"Si zenyewe vipi?"

"Zake za kupigia zilikuwa na shimo hapa. Kidole kilikuwa kinachungulia. Hizi Ndinda ndiye alimnunulia, Krismasi. Mzee alizileta kanisani kwa boksi, akatuonyesha, akazirudisha kwa boksi. Sijawahi kuziona kwa mguu wake."

Ambilikile akaketi kwenye ngazi, kati ya viatu vya watu. "Kwa hiyo vyenye shimo amekwenda navyo. Mtu anayekwenda na viatu vya kupigia anakwenda kwenye pedali. Kinanda chenu kilipelekwa wapi?"

"Houston side. Kanisa fulani. Kuna Mkongo alikuja na lori, anaitwa Parfait, alikuwa anabeba yale mabomba kama watoto wachanga. Ile kubwa kuliko zote, ya ile note ya chini, ilifungwa kwa lori ya peke yake. Watu walidhani ni jeneza la twiga." Akafikiri. "Alisema Pearland."

"Pearland. Na Ndinda anakaa wapi?"

Lenny akaketi kando yake. "Pearland."

"Alijua kinanda kimekwenda huko?"

"Nani angemwambia?" alisema Lenny. "Na yeye angeuliza nini?"

Alhamisi asubuhi Ambilikile alishika barabara ya kwenda kusini. Kati ya Dallas na Houston kuna saa nne za kitu kinachoitwa mandhari kwa heshima tu. Joto la siku hiyo lilikuwa la kuzungumziwa kwa wajukuu: kunguru walitembea kwa miguu kwa kuogopa kuungua mabawa, na ng'ombe wa Texas, inasemekana, walikuwa wakitoa maziwa yaliyokwisha chemka. Alisimama mara moja, kwenye kituo kile kikubwa cha mafuta chenye sanamu ya mnyama ambaye Ambilikile hakuwahi kuamua kama ni panya buku au ni fisi maji aliyenenepa. Alinunua kahawa moja. Msichana wa kaunta akamuuliza kama ni hiyo tu. Akasema ni hiyo tu. Hayo ndiyo mazungumzo yote aliyoyafanya hadi Pearland.

Kanisa lilikuwa la matofali, katikati ya mtaa wa nyumba zinazofanana. Alipofungua mlango, baridi ya kiyoyozi ilimpiga kifuani, na ndani ya baridi ile akasikia sauti moja ya kinanda. Moja tu, imeshikwa, ndefu. Ikayumba, ikanyooka. Kutoka ndani ya ukuta, nyuma ya mabomba, mtu akapaza sauti:

"Ingine!"

Sauti ile ikakatika. Ikaja ya pili yake, juu kidogo.

"Ingine!"

Ambilikile akasimama nyuma ya viti akasikiliza. Ilikuwa kazi ya watu wawili: mmoja yuko ndani anakaza bomba, mmoja yuko nje anabonyeza. Kinanda chenyewe kilikuwa kimefichwa nyuma ya turubai la mafundi, na mbonyezaji hakuonekana. Alipopiga hatua ya tatu ubao ukalia chini ya mguu wake. Sauti ikakatika, na mtu akateremka ngazi upesi, kijana mrefu mwenye vumbi kichwani, akasimama katikati ya njia.

"Bonjour, papa. Kanisa imefungwa. Kuko kazi."

"Wewe ni Parfait."

"Inategemea ni nani anauliza."

"Ambilikile. Natafuta mzee mmoja anaitwa Mutuku."

"Sijue yeye."

"Nani anakubonyezea?"

"Ni mashine, papa. Siku hizi iko mashine."

Nyuma ya turubai mtu akakohoa.

"Mashine yako ina mafua," alisema Ambilikile.

Parfait akatazama dari. Kisha mabega yakamshuka. "Muzee alinikataza. Alikuya Siku ya Posho, ile munaita Jumamosi, usiku, na basi, na mufuko moja. Aliniambia binti yake anajua, atakuya kumuchukua. Analala kule mahali chorale, kwaya, inavalia. Kila asubui anauliza, 'Leo?' Mi namwambia, hapana, papa, tungoje baridi ikamate nyumba mizima. Bomba ikiwa na joto sauti inapanda, nitakaza leo, kesho inakuwa bongo, ya uongo. Tulingoja. Sasa imebaki ile kubwa tu."

"Itamalizika lini?"

"Leo. Sasa hivi."

"Mwache apite, Parfait," sauti ilisema nyuma ya turubai. "Huyo ametumwa. Anatembea kama mtu wa serikali."

Mzee Mutuku alikuwa mdogo kuliko msiba wake. Alikuwa ameketi kwenye benchi ya kinanda, suti ya kijivu, tai imefungwa barabara, na miguuni viatu vyeusi vilivyochakaa. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kinachungulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umenipataje?"

"Kitambaa."

Mzee akafumba macho, akacheka bila sauti, mabega tu. "Nilijua! Nilifika barabarani nikarudi, nikasema nikitoe. Nikavitazama. Nikaona vitashika umande. Nikashindwa."

"Binti yako anakulilia."

"Ndege ilikuwa Jumatatu. Hiki kilikuwa kinamalizika leo." Aligusa ubao wa kinanda. "Sikutaka mengi. Siku nne, tano. Kisha ningejitokeza, waniweke kwa ndege, waniweke kwa gunia, vile wanataka. Viatu vingewaweka polisi ziwani, wasinitafute huku; sikudhani kuna mtu angekuja kulia. Nani angebisha mlango?"

"Ungemwambia asogeze tarehe."

"Ningesema nini? Mama, nyumba yako bado unailipia, kazi yako ni ya usiku, lakini badilisha tiketi, kuna Mwingereza aliyekufa ananingoja?" Akanyoosha mikono. Ilitetemeka, yote miwili, kama majani ya mkaratusi. "Vitabu vyake vipo. Wapigaji ndio wameisha. Na hii yake kubwa inataka lile bomba la chini, na kule niendako hakuna. Nikipanda ndege, ile note ya mwisho sitaisikia tena. Nilitaka kuisikia mara moja. Nikiwa mzima kidogo."

"Watu wamejaa nyumbani kwako," alisema Ambilikile.

"Watu gani?"

"Truphosa. Waimbaji. Lenny yuko kwenye ngazi, hajaacha kulia. Wamepika."

Mzee alimtazama. "Wamekuja nyumbani kwangu?"

"Tangu Jumapili jioni."

"Wamekalia nini?" aliuliza mzee. "Mimi nina kiti kimoja."

Ambilikile akatoa simu.

"Niliulizwa swali moja, mzee, na jibu ni lake. Nampigia sasa. Anakaa hapa karibu, atafika upesi. Muda huo ni wako. Unaweza kukimbia. Unaweza kupiga."

Mzee alivuta vishikizo vitatu vya kuchagulia sauti, akavisukuma viwili ndani tena. Nyuma ya mabomba Parfait alipaza sauti kwamba ile kubwa iko tayari.

Ambilikile alitoka hadi kwenye viti vya nyuma. Simu iliita mara nyingi. Ilipopokelewa, sauti ilikuwa ya mtu aliyelala baada ya zamu.

"Yuko hai," alisema.

Upande wa pili kitu kilianguka, kikabiringika.

"Wapi?"

Akamtajia mtaa.

"Hapo..." Ndinda alisema. "Hapo ni karibu na kwangu. Mimi hupita hapo nikienda kazi. Jana nimepita."

"Ndiyo."

Simu ikakatika. Na muziki ukaanza.

Ulianza vile Lenny alivyosema, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba asiyoifahamu. Kisha ukageuka, ukapata chumba kingine, na kingine. Mikono ya mzee haikutetemeka mle ndani. Au ilitetemeka na Pennifold alikuwa ameacha nafasi. Ulipanda hadi taa za dari zikalia na Parfait akatoka akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Ulipofika mahali ambapo ungesema basi, ukapanda tena.

Ndinda aliingia hapo. Alikuwa na gauni la kulalia na koti juu yake, mguu mmoja kandambili ya bluu, mwingine raba. Alipita kati ya viti kwa hasira, akipiga hatua ambazo hakuna aliyezisikia. Alipofika karibu na benchi alisimama, kwa sababu baba yake alikuwa ameinua mikono yote miwili kutoka kwenye kinanda. Mikono ilikuwa imerudi kwenye kutetemeka kwake. Mguu wa kushoto peke yake ndio uliobaki kazini, umenyooka hadi mwisho, kidole nje, umekanyaga.

Sauti ile hawakuisikia kwa masikio. Ilipita kwenye viti, ikapita kwenye nyayo, ikakaa.

Mzee aliuinua mguu.

"Nimekulilia," alisema Ndinda. "Baba, nimekulilia hadi nikashindwa kuhesabu dawa za wagonjwa. Wakanirudisha nyumbani."

"Nisamehe, mama."

"Usiniite mama!"

Akaketi kwenye kiti cha kwanza kama mtu aliyekatwa kamba. Kando yake Ambilikile alikuwa ameviweka viatu vya ziwani, kutoka kwenye ule mfuko wa karatasi, juu ya kitambaa chao. Ndinda alikichukua kimoja. Alikigeuza, akaangalia soli, akaangalia mguu wa baba yake.

"Hizi zilikuwa zinakubana?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uje."

Ndinda aliondoka pale kwenye kiti, kiatu mkononi, akaenda, akaketi kwenye benchi ya kinanda. Ilikuwa ya mtu mmoja. Mzee akasogea.

Ambilikile alitoka nje, kwenye joto. Simu yake ilikuwa ikitetemeka mfukoni.

"Afande!" Alikuwa Truphosa. "Programu ya Jumamosi inaenda kwa printer sasa hivi. Tuandike nini?"

"Msichapishe. Yuko hai. Mzima, amefunga tai."

Kelele zilizofuata alizisikiliza simu ikiwa mbali na sikio. Alisikia vigelegele, alisikia mtu akianguka juu ya viatu mlangoni, na sauti ya Lenny ikiuliza, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kama ni kweli. Kisha Truphosa akarudi, anahema.

"Sasa, ndugu yangu, na hizi chapati zote?"

"Kaeni hapo hapo," alisema Ambilikile. "Msiondoke. Tafuteni viti. Mwenye nyumba anarudi, na hajawahi kupata wageni."